Injini ya 3L ya mtumba kwenye Hilux ya 1986: rivyuu yangu baada ya kuifunga na kuibebesha mzigo

Wakuu, rivyuu hii ni ya kitu kimoja tu, injini ya Toyota 3L (3L ni jina la injini, sio lita tatu) ya mtumba kutoka Japan, dizeli, haina tabochaja, haina kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, ile ile ambayo wengi mnaijua kwenye Hiace. Nimeifunga kwenye Hilux fowili ya 1986, kebini moja, ile toleo lililoanza kutoka mwishoni mwa 1983 likaenda mpaka 1988, eksel ngumu mbele na nyuma, springi za majani kote. Gari ilikuwa ya mjomba wangu, imezeekea barabara ya Mgeta huko juu Uluguru ikishusha kabichi na njegere Morogoro mjini, na niliamua kuirudisha katika hali yake, bodi, chesesi, viti, kila kitu, ila kwenye injini nikaamua kubadilisha. Nasema mapema kwamba naipenda hii injini na ningeichagua tena, ila kuna mambo ukiyajua kabla hujatoa hela utaokoa hela nyingi sana, na mengi hayahusu injini yenyewe, yanahusu vitu vinavyoizunguka.

Kwanza kwa nini sikufanya ovaholi ya ile ya zamani. Ilikuwa na 2L yake ya kiwandani, sisi 2446, na hizo 2L za miaka ile bado zinatumia roka kwenye vali, kuanzia mwishoni mwa 1988 ndo Toyota wakabadilisha hedi, kemshafti ikawa inakandamiza vali moja kwa moja bila roka. Yangu hedi ilikuwa na ufa katikati ya vali, ilishachomelewa zamani na ikapasuka tena pale pale, silinda zimechimbika, inakula oili, moshi wa bluu asubuhi mpaka majirani wanafunga madirisha. Ukipiga hesabu ya kutoboa bloku, pistoni na ringi mpya, kusaga krenki, hedi nyingine (na hizo hedi za roka kupata nzima ni kazi), pampu kwa fundi pampu, nozeli nne, unakuta umefika karibu na bei ya 3L komplit, alafu bado una injini ya nguvu kidogo. Kama hedi ingekuwa nzima ningefikiria vingine kabisa, maana gari inayorudishwa hali yake inapendeza ikiwa na injini iliyozaliwa nayo. Haikuwa nzima.

Sasa swali la injini gani. Hapa watu wanashauri kila kitu, kuna wa 1KZ, wa D4D, wa kuweka petroli ya 22R au 3Y, wa V8 ya Crown. Mi nilianza na matumizi: gari inakwenda milimani, inabeba mzigo, inawekwa mafuta kwenye vituo vya njiani na wakati mwingine kwenye dumu, na likitokea tatizo fundi wa kwanza kufika anakuja na spana na nyundo, hana kompyuta. Kwa matumizi hayo 1KZ-TE inatoka kwenye orodha, ni nzuri ikiwa nzima, ina nguvu kweli, lakini pampu yake ni ya umeme inataka kontrolboksi na sensa zake zote, na hedi zake zinajulikana kwa kupasuka zikichemsha mara moja tu. 2KD na 1KD za komonreli, ndo hizo D4D, ndo kabisa, nozeli zake zinafanya kazi kwenye presha kubwa sana na dizeli yenye maji kidogo inazimaliza, na bei ya nozeli moja mnaijua. 2L-T na 2L-TE, hizo zenye tabo, mtu akikuletea hata kwa bei ya bure fikiria sana, ni ile ile hedi ya ukoo wa L imeongezewa joto na inapasuka. Petroli sikuitaka kwa sababu ya mlima na mzigo.

Zikabaki 3L na 5L. Na hapa ndo uzuri wa ukoo huu wa L: kuna L ya sisi 2188, 2L ya 2446, 3L ya 2779, 5L ya 2986, na zote nyuma kwenye kengele ya gia boksi, pale inapoungana na injini, bolti zinaingia pale pale. Maana yake gia boksi yako ya zamani na transfa yake vinabaki, propela shafti zote mbili zinabaki urefu ule ule, levya za gia zinatokea kwenye tundu lile lile la sakafu. Mtu yeyote aliyewahi kuona gari iliyofungwa injini ya kampuni nyingine, na propela zilizokatwa na kuchomelewa na kutetemeka kuanzia spidi sitini, anajua hiyo ni thamani gani. Kwa mtu anayerudisha gari ya zamani hii ndo sababu namba moja ya kuchukua 3L, farasi zinazoongezeka ni za pili. Gari inabaki Hilux, hakuna kilichokatwa, na siku ukipata 2L nzima ukitaka kuirudisha inarudi.

Kati ya 3L na 5L nilichukua 3L kwa sababu mbili. Ya kwanza shimo la pistoni. 2L ni milimita 92, 3L ni 96, 5L ni 99.5, na stroku, yaani safari ya pistoni juu mpaka chini, ya 3L na 5L ni ile ile 96. Yaani 5L ilipatikana kwa kupanua shimo, na ukipanua shimo kwenye bloku la ukoo ule ule, nyama kati ya silinda na silinda inapungua na gasketi ina sehemu nyembamba ya kuziba. Kwa gari ya tambarare sio shida, kwa gari ya kupanda Mgeta na gunia kumi na tano nyuma nilitaka nyama. Ya pili, 5L nyingi zinazoingia sasa ni 5L-E, ile E ni pampu ya umeme, na wauzaji wengi wanasema tu "hii ni 5L" bila kutaja hiyo E, unafika nyumbani unakuta pampu ina plagi za waya na wewe huna kontrolboksi. Mkiambiwa 5L angalieni pampu kwanza: ya kimakanika ina levya ya aksileta inayovutwa kwa kebo na waya mmoja tu mkubwa wa kukata mafuta. Ikiwa na soketi ya waya nyingi, ulizeni kontrolboksi iko wapi, na kama haipo endeleeni na safari.

Haya, dukani. Nilienda Dar, Gerezani, ndo penye injini nyingi kwa pamoja, ukishuka pale unapokelewa na madalali kabla hujauliza na kila mmoja anayo "kavu kutoka Japan". Duka la kwanza silitaji jina, injini ilikuwa imepakwa rangi ya silva yote, inang'aa, mpaka bolti za hedi. Kijana ananiambia bosi haijafunguliwa tangu imetoka kiwandani. Nikaomba kitambaa na dizeli kidogo nikasugua pale hedi inapokutana na bloku, rangi ikatoka na chini yake ikaonekana siliko nyeusi imebubujika nje. Toyota hawaweki siliko kwenye hedi gasketi. Kona za bolti mbili zilikuwa zimeliwa na spana. Nikamshukuru nikaondoka, na alivyoniita nyuma na kushusha bei karibu nusu nilijua nimeona sawasawa.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza wa kununua: injini chafu ni nzuri kuliko inayong'aa. Ile ya duka la pili ilikuwa na vumbi na oili kavu ya miaka, lebo ya karatasi ya mnada ya Kijapani bado imenata kwenye kava, mihuri ya rangi ya kiwandani bado iko kwenye bolti za pampu. Na huyu wa pili nampa sifa zake, mzee mmoja mtulivu. Nilimwambia shikamoo mzee, nataka kuipima kabla sijalipa, akasema marahaba, pima, akamwita kijana alete batri na stata.

Nilipima hivi. Kwanza nimeizungusha kwa mkono, spana kwenye bolti ya puli ya krenki, mizunguko miwili kamili, unasikiliza na unahisi: inatakiwa ipande na kushuka kwa kompresheni mara nne laini, isikwame popote, isiwe na mahali inapoteleza tu bila kubana. Kisha kofia ya oili, ukikuta ute wa rangi ya maziwa chini yake maji yameingia kwenye oili, acha. Kisha tumetoa plagi za hita (zile za kupasha silinda kabla ya kuwasha) zote nne na kufunga geji ya kompresheni kwenye matundu hayo, moja moja, stata ikizungusha. Kwenye ukoo huu nzima inakaa kwenye thelathini na kitu kilo kwa sentimita mraba, mwisho wa kuvumilia ni 20, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 5. Yangu zote zilikuwa juu ya 28 na zinakaribiana, nikaridhika. Tofauti ndogo kati ya silinda mi naipa uzito kuliko namba kubwa, kwa sababu batri ikiwa dhaifu namba zote zinashuka pamoja lakini silinda mbovu inajitenga yenyewe.

Mwisho tuliiwasha pale pale chini, imekaa kwenye tairi mbili kuukuu, dizeli kwenye chupa ya maji, mpira mmoja unaingia kwenye pampu na mwingine wa kurudisha. Iliwaka. Ukifungua kofia ya oili ikiwa inanguruma unaangalia moshi unaotoka: kupumua kidogo ni kawaida kwa dizeli, ikiwa inapuliza kofia mpaka inaruka ringi zimekwisha. Usiiache ingurume muda mrefu bila maji, nusu dakika inatosha. Garantii ya yule mzee ilikuwa ya kuwaka na kutochanganya maji na oili, aliandika kwenye risiti kwa mkono wake. Wauzaji wengi hawatoi hata hiyo, kwa hiyo ukipata anayekubali ipimwe na anaandika, usimbane sana kwenye bei.

Ulizeni pia nini kinakuja nayo. Kuna "komplit", yenye vifaa vyake, na kuna "kavu", isiyo navyo, na neno komplit kila mtu ana maana yake. Inayotakiwa iwemo: pampu, nozeli, altaneta, stata, manifodi zote mbili, flaiwili, puli zote. Altaneta nitaieleza peke yake kwa sababu nimeona gari imeharibika breki kwa hilo. Kwenye hizi dizeli za L, nyuma ya altaneta ndo kuna pampu ya vakyumu ya breki, inalainishwa na oili ya injini kupitia mipira miwili. Injini ya dizeli haivuti vakyumu yake kama petroli, kwa hiyo busta ya breki inategemea hiyo pampu. Fundi akikufungia altaneta ya kawaida ya dukani kwa sababu "inachaji vizuri tu", gari itachaji na breki itakuwa ngumu kama umekanyaga ukuta, na utaigundua siku unashuka na mzigo. Hakikisha ina pampu, hakikisha mpira wa kurudisha oili haujaziba.

Sasa mambo ya kupanga kabla injini haijafika gereji, hapa ndo penye kazi.

Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. 3L nyingi zinatoka kwenye Hiace, na Hiace ina nafasi tofauti chini. Kwenye Hilux fowili yenye eksel ngumu, difu ya mbele inapanda na kushuka chini ya injini kila springi zikikandamizwa, na sampo la Hiace halikuchongwa kwa ajili ya hilo. Unachukua sampo la 2L yako ya zamani unalihamisha, PAMOJA na bomba la kufyonza oili na chujio lake, kwa sababu bomba limekatwa kufuata kina cha sampo. Ukihamisha sampo bila bomba, linaweza kukaa juu ya oili na krenki ikakauka kwenye mlima. Hii nimeiandika kwa sababu naona watu wanaulizia sampo tu. Kijiti cha kupimia oili na mrija wake pia hamisha vya zamani. Ndo maana injini ya zamani usiiuze chuma chakavu mpaka gari iwe inatembea, mi yangu ilikaa pembeni ya gereji na tuliirudia kila siku kuchukua kitu: mabraketi ya maunti, sampo, nyumba ya thermostati, braketi ya feni, mpaka bolti.

Maunti: mabraketi ya kwenye bloku yametoka kwenye 2L yakaingia kwenye 3L, raba zenyewe weka mpya kwa sababu kuzibadilisha baadaye injini ikiwa imeshakaa ni mateso. Flaiwili na klachi: weka flaiwili ya zamani na mpya pamoja mezani, pima upana wa sehemu inapokaa klachi, hesabu meno ya ringi, linganisha na stata utakayotumia, kisha klachi pleti ingiza kwenye shafti ya gia boksi kwa mkono uone meno yanaingia kabla hujafunga chochote. Ni kazi fupi ya mezani na inakuepusha kushusha gia boksi mara ya pili. Bereng ndogo ya katikati ya krenki na rilizi bereng badilisha bila kujadiliana.

Plagi za hita, hapa watu wanachoma hela. Toyota wametumia plagi za volti tofauti kwenye ukoo huu, kuna za volti 12 na kuna zile za kuwaka haraka za volti kama 6 zinazoenda na rilei na rizista yake. Gari yako ya 1986 ina mfumo wake, injini imekuja na plagi zake, ukiunga tu waya plagi za volti ndogo kwenye umeme kamili zinakatika zote ndani ya wiki na wakati mwingine ncha inavimba haitoki tena kwenye hedi. Soma namba kwenye plagi, linganisha na mfumo wa gari, nunua zinazolingana na gari. Huku Morogoro mjini utasema inawaka tu bila hita, peleka Mafinga mwezi wa saba ndo utajua.

Umeme mwingine ni mdogo kweli, na hili ndo nalolipenda zaidi kwenye injini hii. Waya mmoja wa swichi kwenda kwenye kikata mafuta cha pampu, waya wa geji ya joto, waya wa taa ya oili, altaneta na stata, basi. Fundi waya wangu alimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Rejeta. 2L inatoa joto lake, 3L inatoa zaidi. Rejeta ya zamani ya shaba tuliifungua kichwa, ilikuwa imeziba zaidi ya nusu kwa matope na kutu ya maji ya bomba, fundi rejeta akaweka kiini kipya cha mistari mitatu kwenye vichwa vile vile vya zamani kwa hiyo kwa nje inaonekana ya kiwandani. Kava la feni lirudishwe, lile la plastiki linalozunguka feni, watu wanalitoa na kulitupa na kisha wanashangaa gari inachemsha kwenye mlima kwa spidi ndogo, feni bila kava inazungusha hewa ile ile. Na thermostati wakuu, tafadhali. Huku kwetu fundi akiona gari inachemsha cha kwanza ni kutoa thermostati. Kwenye injini hizi thermostati inafanya kazi mbili, ikifunguka njia ya rejeta inafunga njia ya mkato wa chini, ukiitoa ile njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji inazunguka kwenye injini bila kufika kwenye rejeta. Yaani umeitoa ili ipoe na umeipunguzia kupoa. Weka mpya, weka kulanti sio maji ya bomba. Hedi za ukoo huu zinakufa kwa joto, karibu kila hedi iliyopasuka utakayoiona ilianza na rejeta au mpira wa buku chache.

Belti ya taiming, badilisha injini ikiwa bado iko chini, na bereng yake ya kukazia, na sili za mbele za kemshafti, krenki na pampu. Usiamini hadithi ya kilomita ndogo. Belti hii inaendesha kemshafti na pampu ya dizeli pamoja na ikikatika vali zinakutana na pistoni, haina msamaha. Toyota wanasema kilomita 100,000. Kwenye dashibodi za hizi gari nyingi kuna taa ya T-BELT inayowaka ikifika muda, lakini kumbuka ile taa inahesabu kilomita za dashibodi, haijui kwamba umebadilisha injini, kwa hiyo andika kilomita za siku uliyofunga kwa kalamu ya rangi kwenye kava la belti. Kwa wakati huo huo pima nafasi za vali ikiwa baridi, za kuingiza hewa milimita 0.20 mpaka 0.30, za exozi 0.40 mpaka 0.50, zangu mbili za exozi zilikuwa zimebana.

Kuhusu mpangilio wa kazi na bodi. Nimeona magari mazuri yamepakwa chesesi rangi safi nyeusi kisha fundi wa injini anakuja na welda. Sisi tulifanya hivi: chesesi imeshapigwa mchanga na kuchomelewa palipooza (kwenye Hilux angalia nyuma ya kebini pale inapopinda juu ya eksel, ndani inakaa matope miaka), kisha kabla ya rangi yoyote tukaweka injini na gia boksi kwa majaribio, tukaweka rejeta, kebini ikashushwa juu, boneti ikafungwa, tukaangalia feni iko mbali gani na rejeta, exozi inapita wapi, stelingi haigusi, klachi inafika. Kila tundu lililohitajika likatobolewa siku hiyo. Kisha vyote vikatoka tena, ndo rangi. Ni kama unarudia kazi, na unalipa vibarua wa kunyanyua tena, lakini hakuna moto wa welda uliogusa rangi mpya.

Sasa inatembeaje. Gari imebadilika tabia kwenye mlima, sio kwenye tambarare. Zamani kupanda Mgeta na mzigo ilikuwa gia ya pili muda wote na moja kwenye kona, sasa ya tatu inashika sehemu nyingi na haitafuti gia. Nilienda nayo Iringa, Kitonga nilipanda nyuma ya malori na mzigo nyuma, geji ya joto ilipanda kidogo juu ya katikati ikasimama hapo, na hicho ndo kipimo nilichokuwa nakisubiri. Tambarare inakaa vizuri 80 mpaka 90, ukiilazimisha 110 inapiga kelele na inakunywa, hii sio injini ya kukimbia na gia za gari hii hazikutengenezwa kukimbia. Mafuta napata kilomita kumi kwa lita kukiwa na mzigo wa kawaida, milimani inashuka mpaka nane.

Mapungufu yapo na niyaseme. Inatetemeka ikiwa imesimama, zaidi ya 2L, na ukiwa na kioo kilicholegea utakisikia. Kelele ni ya dizeli ya zamani, usitegemee kuongea na simu. Haina tabo kwa hiyo ukifika kwenye baridi na mwinuko mkubwa, Makete huko, inapungua pumzi na inatoa moshi mweusi ukikanyaga. Fundi pampu wengi watataka kukuongezea dizeli kwa skrubu ya nyuma ya pampu "ili ivute", kataa, kwenye injini isiyo na tabo dizeli ya ziada inakuwa moshi na joto, hewa haijaongezeka. Na spea za mtumba zinapungua ubora kadri miaka inavyokwenda, 3L zinazoingia sasa zimetembea sana, ndo maana vipimo vya pale dukani vina uzito.

Kitu kingine ambacho watu wanakiacha mwisho ni kadi. Kadi ya gari ina namba ya injini na ukubwa wake, na ukibadilisha kutoka 2446 kwenda 2779 vyote viwili vimebadilika. Dai risiti ya EFD yenye namba ya injini imeandikwa, linganisha na namba iliyogongwa kwenye bloku kabla injini haijapakiwa, ukikuta namba imesagwa au imepigwa upya usichukue hata kama ni nzuri namna gani. Gari ikaguliwe na marekebisho yafanyike TRA, na bima waambie pia. Mi nililazimika kusubiri lakini nilikuwa na karatasi zote, kazi ilikwenda.

Kama Hilux yako ni ya magurudumu mawili, mengi niliyosema ya sampo yatakuwa rahisi kwako maana huna difu mbele, ila pima hivyo hivyo kabla ya kununua. Na kama gari yako ilizaliwa na petroli, Y au R, fikiria mara mbili, kwa sababu hapo kengele ya gia boksi hailingani, maunti za chesesi ni nyingine, busta ilikuwa inategemea vakyumu ya injini ya petroli, na hesabu yote inabadilika. Kwa gari hiyo bora utafute Hilux ya dizeli iliyogongwa uichukue nzima uhamishe kila kitu kuanzia gia boksi mpaka bomba za mafuta, utalipa zaidi siku ya kwanza na hutarudi Gerezani kila wiki kutafuta braketi.